Aliposimama Palahala

Najisifu, ndiyo. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi wakati ule hakuna aliyenisifu, kwa hiyo tembo langu halijaharibika. Niacheni niseme.

Msitu nimeujua kwa kuchimba ming'oko. Watu wa mjini wakisikia ming'oko wanadhani ni chakula cha wenye dhiki, shauri yao. Kwetu, huku mpakani mwa Ruangwa na Nachingwea, ukichemsha viazi hivyo vya porini ukavila na chumvi na pilipili, unashiba mpaka kesho. Ila kuvipata ni kazi. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na ming'oko iko chini ya mvungu wenyewe: unapiga magoti, unafuata mzizi taratibu kwa jembe fupi, unafukua kwa vidole ili usiukate. Mtu aliyepiga magoti saa nzima bila kusema neno, wanyama humsahau kabisa. Nimepitiwa na kanga na vifaranga vyake karibu na goti langu hapa. Nimepitiwa na funo, na pongo, na nguruwe ambaye sikumpenda.

Mwaka ule wa mvua za El Niño barabara ya Nachingwea ilikatika, mihogo ikaoza ardhini, na wanawake wengi tulihamia porini na majembe yetu. Wenzangu walichimba karibu karibu. Mimi nina kiherehere, nikashuka mpaka bonde la mbali ambako watu walikuwa hawaendi. Huko ndiko nilikomwona. Niliinua kichwa nipumzishe shingo, naye amesimama mbele yangu hatua kama ishirini: mweusi ti, tumbo jeupe, uso una michirizi myeupe, pembe ndefu zimepinda kurudi nyuma kama mundu. Palahala. Dume zima. Akanitazama, nikamtazama. Sikukimbia, naye hakukimbia. Akageuka polepole akaenda zake, na mimi nikabaki nimeshika mng'oko mmoja mkononi, nimesahau kuutia kikapuni.

Nilirudi nikasema. Nilidhani watu watafurahi. Kumbe kijijini kwetu palahala alishahesabiwa kuwa mnyama wa zamani. Wazee walimwinda, wakamla, wakammaliza, na hadithi yake ikafungwa. Watu walisema njaa imeniingia machoni. Nikanyamaza, maana wakati ule haikuwa na uzito. Niliendelea kumwona mara moja moja, mwaka huu mara mbili, mwaka ujao mara moja, na nikawa najiwekea mwenyewe.

Uzito ulikuja baadaye, ufuta ulipopanda bei. Jamani, ufuta! Kila mwenye mikono alitaka shamba jipya. Vijana waliokuwa wamekwenda Namungo kuchimba dhahabu walirudi kulima. Macho ya kijiji yote yakageukia lile bonde. Na wa kwanza kuligeukia alikuwa kaka yangu, wa tumbo moja na mimi, mkubwa wangu kwa miaka sita, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Alikwisha kwenda na vijiti vyake, akapima ekari tano, akavichomeka.

Mkutano mkuu wa kijiji uliitwa mwezi wa sita. Mwenyekiti akasoma ajenda: bonde ni pori tupu, halina kazi, ligawiwe. Nikainua mkono. Mwanamke akiinua mkono kwenye mkutano ule, wanaume huanza kutafuta tumbaku mifukoni, lakini niliinua.

"Si pori tupu," nikasema. "Mna palahala mle. Nimemwona kwa macho yangu, na si mara moja. Tukilikata, tumemuua."

Kicheko! Watu walishika mbavu. Mmoja akauliza siku hiyo nilikula ming'oko mibichi au iliyoiva. Hilo lilikuwa la utani, halikunichoma. Mtu yule ni Mmakonde, mtani wangu, ana ruhusa. Lililonichoma ni kaka yangu alivyosimama. Hakucheka. Alisema kwa upole, kama anayemwombea radhi mgonjwa: "Ndugu zangu, mumsamehe mdogo wangu. Tangu utoto ana maneno mengi. Njia ya mwongo ni fupi, itaisha tu."

Mwongo. Mbele ya kijiji kizima, mbele ya wanangu, kwa kinywa cha kaka yangu. Nikakaa chini. Shamba wangeligawana, wangelikata, sawa, ningelia na ningezoea. Lakini kuitwa mwongo na yeye? Lile sikuweza kulimeza. Nikasimama tena nikasema, "Nipeni mpaka Oktoba, kabla ya watu kufyeka. Nikishindwa kuleta ushahidi, gaweni, na mimi sitafungua mdomo kwenye mkutano huu mpaka nife." Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa kupenda amani, akakubali. Ushahidi nilikuwa sina. Sikujua hata nitautoa wapi.

Mungu si Athumani. Haikupita mwezi, bwana nyama, ofisa wa wanyamapori wa wilaya, akamleta mtaalamu, mwanamke, binti wa chuoni, aliyekuwa anazunguka kutafuta mahali pa kutega mashine za kupiga picha wanyama. Alikuwa nazo sita, masanduku ya kijani, kila moja na betri nne kubwa kama za tochi na filamu ya picha thelathini na sita ndani. Unaifunga kwenye mti, unaondoka. Kikipita kitu chenye joto la mwili mbele yake, inajipiga yenyewe: kacha! Alihitaji mwenyeji anayejua bonde. Nilimwambia, "Mwenyeji ndiye mimi, na usitafute mwingine." Akacheka. Akaniita dada, nami nikamwita mwalimu ingawa nilimzidi umri.

Sasa nieleze kosa langu, na nalieleza mwenyewe kabla mtani wangu hajalieleza, maana yeye hulitia chumvi.

Kwetu picha ni jambo la heshima. Mpiga picha alikuwa anakuja na baiskeli siku ya Idi. Kabla hajafika, uwanja umefagiwa, magugu yameng'olewa, kwenye kamba limetundikwa shuka safi au khanga mpya, watu wameoga na kujipaka mafuta. Hupigi picha kwenye takataka. Hata ungekuwa fukara namna gani, uwanja unafagia. Mwalimu aliponiambia niondoe majani yanayoziba mashine, mimi nikasikia kilichokuwa kichwani mwangu. Alipokwenda mjini kushughulikia barua zake, nilizunguka mashine zote sita na panga na ufagio wa chelewa. Nilifyeka mbele ya kila mashine eneo la chumba kizima. Nikang'oa visiki. Nikafagia mpaka udongo ukabaki mwekundu, laini, na mistari ya ufagio inaonekana. Nilisimama nikatazama kazi yangu nikasema, palahala akipita hapa atatoka vizuri.

Filamu zikakaa wiki tatu. Mwalimu akazitoa, akazipeleka Mtwara kwa basi zikasafishwe, akarudi na bahasha sita. Tukakaa chini kwenye jamvi nyumbani kwangu, tukafungua.

Picha ya kwanza, mimi na ufagio. Ya pili, mimi na ufagio. Ya tatu, makalio yangu, nimeinama. Ya nne, ya tano, ya kumi, mimi, mimi, mimi. Kumbe mashine ilikuwa macho muda wote niliokuwa nafagia! Zilizobaki zilikuwa uwanja mtupu, jua linawaka, pengine jani limepeperushwa. Bahasha nzima moja haikuwa na mnyama hata sisimizi. Nyingine ilikuwa na kanga mmoja, anakimbia, na sikio la pongo pembeni mwa picha.

Mwalimu alicheka mpaka akalala kwenye jamvi. Mimi sikucheka. Nilijisikia vibaya kupita maelezo. Oktoba ilikuwa inakuja, filamu zilikuwa zimebaki mbili tu, na ushahidi pekee niliokuwa nao ulikuwa wa makalio yangu. Kaka yangu alipata habari, maana kijijini habari haina mlango, na alipopita njiani akaniambia, "Nasikia umepiga picha nzuri." Nikamwambia apite salama.

Kesho yake nilishuka bondeni peke yangu. Nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika lazima miguu itembee. Nilikwenda kutazama uwanja wangu wa kijinga kwenye mti wa mwisho, mninga ulioko karibu na jiwe kubwa lililopasuka. Nikainama. Weee! Udongo ule niliofagia ulikuwa umeandikwa. Nyayo za pongo zilikuja kutoka vichakani mpaka ukingoni mwa uwanja, zikasimama, zikakanyaga palepale mara mbili tatu, halafu zikageuka, zikapita nyuma ya mti, katikati ya mninga na jiwe. Za funo vilevile. Za nguruwe vilevile. Wote walifika, wakaona mahali peupe pasipo na jani la kujificha, wakasema hapana, wakazunguka nyuma ya mashine. Mashine yenyewe ilikuwa inatazama uwanja mtupu kama mlinzi aliyewapa wezi mgongo.

Na katikati ya nyayo hizo kulikuwa na kwato nyingine. Ukwato wa pongo nikiuwekea kiganja, kiganja kinabaki. Huu ulikijaza kiganja changu chote, na ulizama. Nilikaa chini pale pale.

Nilimkimbilia mwalimu. Akaja, akapima kwa rula, akatikisa kichwa. "Dada, huyu anaweza kuwa palahala. Anaweza pia kuwa tandala, au kuro. Unyayo hauwezi kuushinda mkutano."

"Basi igeuze mashine itazame nyuma. Wanapita pale. Usifyeke hata jani."

"Filamu mbili, dada. Vitabu vinasema wakati wa kiangazi weka kwenye maji."

"Vitabu havijafagia bonde hili. Mimi nimelifagia!"

Tulibishana, tena kwa sauti. Yeye alikuwa na shule yake ya kuripoti, mimi nilikuwa na jina langu. Mwisho akasema, "Moja yangu, moja yako." Yake tukaifunga kwenye dimbwi. Yangu tukaifunga kwenye ule mninga, imegeuzwa, inatazama ule upenyo wa jiwe, na majani yake yote. Sikuusogelea tena. Hata ming'oko sikuchimba upande ule. Watu walikuwa wameshaeneza kwamba mashine zile zinapiga picha wanaotega nyaya na wanaochoma mkaa, kwa hiyo wenye nyaya zao nao walikaa mbali. Sikuwakatalia.

Siku tatu kabla ya mkutano wa Oktoba mwalimu alishuka kwenye basi la Mtwara. Hakunisalimia. Alinipa bahasha ya dimbwini kwanza: nyani. Nyani wanakunywa, nyani wanakunana, nyani ameikodolea macho mashine kwa karibu mpaka pua imejaa picha. Thelathini na sita, zote nyani. Halafu akanipa ya pili.

Nungunungu. Funo. Funo tena. Kanga. Pongo jike na mtoto wake, wazuri, nikawapenda. Kisha ya kumi na tisa.

Alikuwa amesimama upande, kichwa amekiinua, nusu ya jiwe nyuma yake. Mweusi. Michirizi. Pembe zile. Alivyokuwa siku ile ya njaa ndivyo alivyokuwa kwenye karatasi, labda si yeye, labda mwanawe. Nililia jamani, sifichi. Nililia kwa sauti mpaka wanangu wakatoka nje kuuliza nani amekufa. Nikawaambia hakuna aliyekufa, njooni mwone kama mama yenu ni mwongo.

Siku ya mkutano nilivaa khanga yangu ya Idi. Nilimpa mwenyekiti picha, nikakaa. Ikapita mkono kwa mkono. Wazee walioisogeza karibu na macho walisema jina lake kwa Kimwera chetu. Hakuna aliyecheka. Ikafika kwa kaka yangu. Aliitazama sana, muda mrefu kuliko wengine wote. Kisha akasema:

"Picha nzuri. Hata kalenda ya mwaka jana ilikuwa na simba. Simba yule alikuwa wa hapa?"

Nikasikia watu wanaguna, wengine wanakubali. Hapo hasira ilinipanda, lakini nashukuru haikuja na matusi. Nilisema neno moja tu: "Twende."

"Wapi?"

"Bondeni. Sasa hivi. Wote."

Mwenyekiti alidhani natania. Nilikwisha anza kutembea. Mtani wangu Mmakonde akainuka, akasema mtu asiyekwenda asije akasimuliwa, na watu wakafuata, kama arobaini hivi, wanaume, wanawake, wazee na fimbo zao. Ulikuwa mwendo wa saa moja na nusu, jua la Oktoba mnalijua. Kaka yangu alikuwa mbele. Nikamwambia kwa nyuma, "Ulisema njia ya mwongo ni fupi. Mbona leo unatoa jasho?" Wanawake wakapiga vigelegele.

Tulipofika kwenye mninga, mwenyekiti aliishika picha mbele ya uso wake, akaishusha, akaiinua. Jiwe lile lile, ufa ule ule, tawi lililovunjika pale pale. "Ni hapa," akasema. Lakini mimi nilitaka na kaka yangu aseme.

"Kaka, simama pale, kati ya mti na jiwe. Ili tupime kimo chake."

Alisita. Angekataa, angeonekana anaogopa. Akaenda, amevaa yeboyebo zake na koti la mkutano, akasimama. Na mimi, haki ya Mungu, nilikuwa nimesahau kwamba mwalimu alikuja na filamu mpya na kuiweka kwenye mashine ile ile asubuhi.

Kacha!

Aliruka huyo! Koti huku, kiatu kule. Bonde zima lilicheka, hata yeye mwenyewe alicheka kidogo, halafu akainama kutafuta kiatu chake. Ndipo akaona. Chini ya miguu yake palikuwa na nyayo, mpya, za alfajiri ile. Alichuchumaa. Akaweka kiganja juu ya ukwato mmoja, kama nilivyofanya mimi, na kiganja chake ni kikubwa kuliko changu, na bado kilijaa. Alikaa hivyo mpaka watu wakaacha kucheka.

Kura ilipigwa pale pale porini, kwa mikono. Bonde liwe msitu wa hifadhi wa kijiji, lisikatwe, lisichomwe. Mikono ilipanda mingi. Wa kaka yangu haukupanda. Aling'oa vijiti vyake wakati wa kurudi, akavibeba begani mpaka nyumbani, na hakunisemesha msimu mzima. Akaenda kulima ufuta upande wa barabarani, akapata, si haba.

Msimu ulipokwisha mwalimu alinitumia bahasha na dereva wa basi. Picha mbili, kubwa: palahala kati ya mti na jiwe, na kaka yangu kati ya mti na jiwe, mguu mmoja hewani, macho yamemtoka. Nitasema ukweli, nilizichukua kwenda kumkomoa. Nilimkuta uwanjani anapeta ufuta. Nikamkabidhi bila salamu. Alizitazama, akafuta mikono kwenye shati, akazitazama tena, akaingia nazo ndani. Nikarudi kwangu nimevimba, nikijua amezitia motoni.

Sikuingia nyumbani kwake mpaka alipomwoza binti yake. Siku hiyo nilikwenda, damu ni damu. Niliketi na wanawake chumba cha ndani, mlango uko wazi. Sebuleni ukutani zilikuwa picha zote mbili, kwenye fremu za mbao alizozichonga mwenyewe, zimepangwa pamoja. Wageni wa upande wa bwana harusi, waliotoka Mtua, walikuwa wamesimama mbele ya picha wanacheka ile ya mguu hewani. Mmoja wao, mzee, akanyoosha kidole kwenye ile ya mnyama.

"Na huyu, mkwe, wewe ulimwona?"

"Sijamwona," kaka yangu akajibu, anawamiminia chai. "Dada yangu kamwona."

"Yaani hujamwona kwa macho yako?"

"Nimekwambia dada yangu kamwona. Unataka nini tena?"